Ziwa la Bibi

Sisi tuliozaliwa Mbuchi, katika delta ya mto Rufiji, hatukulelewa na milima. Kitu kirefu kuliko vyote kijijini ni mnazi, na hata ukiupanda mnazi wenyewe, utakachokiona ni mikandaa iliyotandaa sawasawa kama jamvi mpaka macho yachoke. Maji yetu hayana haraka. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, huingia katika vijito na kutoka, na mtoto wa kwetu huyajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kuhesabu hadi mia. Lakini maji yaanguke kutoka juu, yapasuke, yawe moshi? Neno maporomoko tulilipata shuleni, katika kitabu cha jiografia, pamoja na picha isiyoonekana vizuri, nasi tukalihifadhi kwa ajili ya mtihani.

Hata hivyo, ni watu wachache wanaoishi kwa hisani ya milima kama mkulima wa delta. Misitu yetu ya mikandaa imeenea katika eneo la zaidi ya hekta 50,000, na hapana msitu mwingine wa namna hiyo ulio mkubwa kuliko huu katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Mna mkoko na msinzi, mchu na mkomafi, na boriti zake zilisafiri kwa majahazi hadi Uarabuni tangu zama za babu zetu. Humo pia ndimo alimo mkulima wetu wa mpunga. Hufyeka kipande cha mikandaa, huyaacha magogo yaoze, hupandikiza miche katika tope, kisha huhamia katika dungu na kulinda shamba dhidi ya kaa, ngedere na ndege. Tope lile lina chumvi. Kinachoufanya mpunga uote ni maji matamu ya masika, ambayo huteremka na mto, yakaisukuma bahari nyuma na kuiosha ardhi. Maji hayo yakija kwa kiasi, tunakula. Yakipungua, bahari huingia shambani. Wazee wanakumbuka jinsi mto ulivyoegemea matawi ya kaskazini katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, na baadhi ya matawi ya kusini yakapungukiwa maji matamu. Watu wengi walibeba majembe yao wakaufuata mto ulikokwenda.

Safari tunayotaka kuieleza hapa ilianzia katika dungu la bibi mmoja wa kijijini kwetu. Kwa miaka miwili mfululizo shamba lake lilikuwa limeingiwa na chumvi. Mwaka wa tatu, yaani 2024, maji matamu yalikuja, lakini yalikuja yakiwa mengi mno, kama msomaji atakavyokumbuka kutokana na habari za mafuriko ya mwezi wa Aprili mwaka ule katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mpunga wake ukaondoka pamoja na dungu. Tulipokwenda kumpa pole tulimkuta akijenga dungu jingine. Akatuuliza swali ambalo hatukulitegemea.

"Wanangu, nyinyi mmesoma. Huko juu mto unakoanzia kuna ziwa. Nani anayelifungua na kulifunga?"

Tukamweleza habari za Bwawa la Julius Nyerere, jinsi lilivyoanza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022, na kwamba mitambo yake tisa ilikusudiwa kutoa megawati 2,115 za umeme. Bibi alitusikiliza kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Bwawa nimelisikia, wala halikujengwa jana katika masikio yetu. Mimi nauliza lile la Mungu. Hilo bwawa nalo si lazima lipate maji mahali?"

Tulikuwa walimu wawili, nahodha mmoja na vijana watatu waliomaliza kidato cha nne. Hapana aliyekuwa na jibu lililomridhisha bibi, wala lililoturidhisha sisi. Tukakubaliana kwenda kuliona ziwa hilo kwa macho yetu.

Kijijini tulichekwa kidogo. Kutembea milimani bila biashara, bila msiba na bila mgonjwa wa kupelekwa kwa mganga, watu walisema, ni kazi ya wageni wenye kofia pana na vyupa vya maji kiunoni. Twaona kuna kusahau katika maneno hayo. Mwaka 1904, wakati Kinjikitile Ngwale alipokuwa Ngarambe, watu walifunga safari kwa makundi kutoka pande nyingi, kwa miguu, kwenda kuchukua maji. Wasomaji wengi wamelijua jambo hilo kwa njia ya tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyotolewa mwaka 1969, lakini kwetu Rufiji si jambo la jukwaani. Ngarambe ni jirani. Maji yale hayakuzuia risasi za Wajerumani, na vita vya Majimaji vilileta njaa ambayo kumbukumbu yake haijafutika. Hatuikumbuki safari ile kwa ajili ya kuitukuza dawa. Tunaikumbuka kwa sababu inaonyesha kwamba kutembea mwendo mrefu kwenda kuyauliza maji habari zake ni desturi ya hapa hapa, na wala hatukuazima kwa mtu.

Tulivuka kwa mtumbwi wa mashine alfajiri, maji yakiwa yamejaa, tukapata gari hadi Kibiti, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam na Morogoro. Njia hiyo inajulikana, nasi hatutamchosha msomaji. Tulipopita Mikumi tukaiacha barabara kuu ya Iringa na kushika ile ya kusini. Penye daraja la Kidatu tuliomba gari lisimame. Chini yetu alikuwa anapita Ruaha Mkuu, mmoja wa wazazi wa mto wetu. Tangu mwaka 1975 maji yake yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme iliyomo ndani ya mlima ule, megawati 204, na baada ya kazi hiyo huendelea na safari yake kuja kwetu. Nahodha aliyatazama kwa muda mrefu, akasema kwamba rangi anaifahamu lakini mwendo hapana.

Baada ya Kidatu mashamba ya miwa hutanda upande wa kushoto, na upande wa kulia husimama ukuta. Hatuna neno jingine. Milima ya Udzungwa haijitayarishi kwa vilima vidogo vidogo kama ipasavyo adabu ya milima mingine. Inaanza palepale bondeni, kwenye mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi zaidi ya mita 2,500 penye kilele cha Luhombero. Yote imevikwa msitu. Wataalamu hulisifu jambo hilo kwa sababu ni nadra sana katika Afrika ya Mashariki kuukuta msitu usiokatika tangu bondeni hadi milimani. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa hapo mwaka 1992, ina kilometa za mraba 1,990, na makao yake yako Mang'ula, kando ya reli ya Uhuru waliyoijenga Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975. Ni hifadhi ya watembea kwa miguu. Gari hulipeleka langoni, ukaliacha.

Siku ya pili tulianza kupanda kuelekea maporomoko ya Sanje. Tulipewa kijana wa kutuongoza, mzaliwa wa bonde lile, mwenye maneno machache na jicho kali. Saa moja ya kwanza ilitufundisha unyenyekevu. Sisi tunaweza kuvuta kasia tangu maji yanapoanza kupwa mpaka yanapojaa tena, lakini misuli ya kasia iko mabegani, na mlima hauulizi habari za mabega. Raba ya mmoja wetu ilifunguka soli, ikafungwa kwa kamba. Nahodha wetu, mtu ambaye tumemwona akivuka mlango wa bahari wakati wa kusi watu wazima wakilia, alipofika mahali ambapo njia inapita ukingoni alikaa chini, akashika mzizi kwa mikono miwili, akasema kwamba yeye atatungojea hapo hapo mpaka tutakaporudi. Hakuogopa kufa, alisema. Aliogopa kuwa juu. Ilitubidi kumpa muda. Hatimaye alipanda akiutazama mgongo wa kijana aliyemtangulia, bila kugeuza shingo, kama mtu anayeshika dira.

Ndani ya msitu kulikuwa na giza la kijani na ubaridi. Juu ya vichwa vyetu mbega wekundu waliruka kutoka tawi hadi tawi, na mara moja tulisikia sauti nzito ya kukoroma ambayo kiongozi wetu alisema ni ya mangabei wa Sanje, nyani mdogo wa rangi ya kijivu asiyepatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa milima hii. Vitabu husema kwamba mnyama huyo aligunduliwa mwaka 1979. Neno hilo kugundua hutupa taabu. Kijana wetu alituambia kwamba wazee wa Sanje walikuwa na jina lake siku zote, na wakimfukuza katika mashamba yao. Kadhalika kwale wa Udzungwa: inasimuliwa kwamba mwaka 1991 watafiti kutoka ng'ambo walimfahamu baada ya kuiona miguu ya ndege wasiyemjua katika chungu cha chakula chao cha jioni. Kwa hiyo mpishi alimtangulia mtaalamu. Hatusemi haya kwa dhihaka. Mtaalamu ndiye aliyeueleza ulimwengu kwamba ndege yule hana ndugu wa karibu hapa Afrika, na kwamba jamaa zake wako Asia, na habari hiyo mpishi asingaliweza kuijua. Twataka tu wanafunzi wetu wakumbuke kwamba katika kila ugunduzi kuna mtu aliyekuwa anajua tayari, na mara nyingi jina lake halikuandikwa.

Tuliyasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Mwanzoni tulidhani ni upepo, kisha tukadhani ni treni ya TAZARA bondeni. Mmoja wa vijana akasema, "Ni bahari." Na kweli, kwa sikio la mtu wa pwani, ilikuwa bahari ya mwezi wa saba ikipiga mwamba. Njia ikapinda, majani yakafunguka, tukasimama.

Mto Sanje unaanguka kwa hatua tatu, na jumla ya mwanguko wake ni mita 170. Maneno hayo mtu aweza kuyaandika ubaoni. Hayamwelezi mwanafunzi jinsi maji yanavyoonekana kama hayaanguki kabisa bali yananing'inia, meupe, yakifikirifikiri, na kwamba lazima uchague tone moja na kulifuata kwa macho mpaka chini ndipo uamini kwamba yanatembea. Chini ya hatua moja kuna kidimbwi. Maji yake ni baridi kiasi cha kuuma meno. Tuliyanywa. Kwa watu waliozaliwa mahali ambapo maji ya kunywa hupimwa kwanza kwa ncha ya ulimi, kisha yakamezwa au yakatemwa, kuinama na kunywa bila kuonja kwanza kulikuwa na utamu wa pekee. Hata nahodha aliisahau hofu yake. Alisimama katika manyunyu mpaka shati likagandana na mwili, akiyatazama maji yanakotokea, akauliza swali la bibi: "Sasa ziwa liko wapi? Twende tukalione."

Kijana wetu alistaajabu. "Ziwa gani?"

Tukamweleza. Alitusikiliza kama sisi tulivyomsikiliza bibi. Kisha akasema kwamba huko juu hakuna ziwa, na kwamba amefika mbali zaidi ya pale kuliko wengi wa kijiji chake, wala hajaliona. Tulihuzunika, hatuoni haya kukiri. Baadhi ya milima ya Afrika ya Mashariki inayo maziwa kileleni au karibu na kileleni: mlima Kenya unayo mengi madogo yaliyochimbwa na barafu ya zamani, na Ruwenzori nayo inayo, kama lile la Bujuku. Hiyo ni milima ya theluji. Udzungwa haina theluji wala haina ziwa la namna hiyo. Tukamuuliza basi maji haya yatoka wapi katikati ya kiangazi, ilhali mvua za masika zimekwisha tangu miezi miwili.

Hakujibu kwa maneno. Alitoka nje ya njia hatua tatu, akapiga magoti, akafukua majani makavu kwa mikono. Chini ya majani makavu palikuwa na majani yaliyooza nusu, chini yake udongo mweusi uliosokotana na mizizi, na alipoukamata gao moja na kuukamua, maji yalimtoka katikati ya vidole. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku kadhaa.

"Hili hapa," akasema.

Tulikaa hapo kwa muda mrefu, tukijadiliana. Miteremko ya mashariki ya milima ile hupata mvua ya kufikia milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua kama hiyo ikianguka juu ya mteremko ulio uchi, hushuka kwa siku moja ikiwa na udongo wote, na kesho yake mto ni mchanga. Juu ya msitu, tone hupiga kwanza jani la juu, likadondokea la chini, likapita shinani, likanyonywa na takataka za majani, likashuka kidogo kidogo ardhini, na likatokea katika chemchemi baada ya majuma au miezi. Hata ukungu hauachwi upite bure. Majani na ndevu za miti huukamata na kuudondosha. Na ukungu huo na mvua hiyo vinatoka wapi? Hapo ndipo mwalimu mwenzetu wa jiografia alipopiga paja lake. Vinatoka Bahari ya Hindi. Pepo zile zile tunazozijua kwa majina, kusi na kaskazi, zinazojaza matanga ya mashua zetu, hubeba unyevu wa bahari na kuupandisha milimani, ambako hupoa na kuwa mvua. Wataalamu wanaamini kwamba kwa sababu ya unyevu huo wa bahari, misitu ya Tao la Mashariki, ambalo Udzungwa ni sehemu yake, iliendelea kuishi kwa mamilioni ya miaka, hata vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Tulikuwa tumesafiri mamia ya kilometa kuja kuyatazama maji yaliyotoka mbele ya mlango wetu.

Kutoka juu ya maporomoko bonde la Kilombero huonekana lote limelala chini: miwa, mpunga, mabati ya nyumba, na mbali kabisa utepe wa mto. Kilombero ndiye anayempa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Hukutana na Luwegu penye maporomoko ya Shughuli, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanza; Ruaha Mkuu hufuata baadaye. Si maji yote ya Kilombero yanayotoka Udzungwa, maana nyanda za juu za Njombe na milima ya Mahenge nayo huchangia. Lakini vijito vya ukuta ule, kimoja baada ya kingine, havikauki, na mto wa kiangazi hujengwa na vijito visivyokauka.

Ingekuwa rahisi kumaliza habari yetu kileleni, penye upepo na mandhari. Lakini maporomoko si ya kutazamwa tu. Katika ukingo wa milima ile ile, upande wa kusini-magharibi, yako maporomoko ya Kihansi. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ulikuwa umekwisha kuanza kujengwa, alionekana pale chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi urefu wa kifundo cha kidole, ambaye hatagi mayai kama vyura wengine bali huzaa watoto walio kamili. Nchi yake yote ilikuwa ni manyunyu ya maporomoko yale: vipande vichache vya majani mabichi, pengine vidogo kuliko mashamba ya mpunga ya kitongoji kimoja cha kwetu. Maji yalipoelekezwa katika mitambo, manyunyu yalikoma. Yalitandazwa mabomba ya kunyunyizia maji, na mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani ili wasitoweke. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walikufa karibu wote, na ugonjwa wa ukungu ukatajwa kuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Mwaka uliofuata kundi la kwanza lilirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirudishwa korongoni kwa taabu na gharama kubwa.

Mitambo ya Kihansi ina uwezo wa megawati 180. Hatuwezi kuulaani umeme huo. Mwanafunzi anayesomea taa katika mji wowote wa nchi hii huenda anasomea kwa maji ya Kihansi, na lau tungeambiwa tuchague kwa niaba ya taifa, hatujui tungechagua nini. Tunachojua ni jinsi mtu anavyokuwa anapoishi mahali pembamba kati ya maji ya namna mbili. Chura yule aliishi katika manyunyu. Sisi twaishi katika mpaka wa maji matamu na chumvi. Na bwawa lolote, hata liwe na manufaa gani, huzuia sehemu ya tope ambalo ndilo lililoijenga delta na kuirutubisha. Mambo hayo tuliyazungumza tukishuka, na nahodha, ambaye sasa alikuwa ameanza kutembea kama mtu, alisema kwamba hajapata kumwonea huruma chura mpaka siku ile.

Jioni, kijijini Sanje, tulikaa kibandani kwa mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi na chai. Tulimwamkia, akaitikia, akatuuliza tunakotoka. Tulipomtajia delta ya Rufiji akacheka, akasema kwamba huko anakujua kwa kamba tu. Tukamweleza safari yetu na habari ya udongo uliokamuliwa. Tulidhani atafurahi kusikia kwamba msitu wa kwao ndio unaotupa mpunga. Hakufurahi. Alijibu kwa upole, akiendelea kumenya ndizi, kwamba yeye ameingia msituni mle tangu utotoni. Hata baada ya hifadhi kuanzishwa, wanawake waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu, kavu tu, bila panga. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Upande huu kuna hifadhi, akasema akionyesha kwa kisu, na upande ule miwa. Amepanda miti yake, lakini kiwanja chake ni cha hatua chache, na mti hauivi kama mchicha. Mkaa hununuliwa.

"Mnasema msitu ukikaa vizuri nyinyi mnakula," akasema. "Sikatai. Basi mjue na kuni zangu zimo humo katika chakula chenu."

Hatukuwa na la kumjibu. Sababu za katazo tulizijua, na twaziona nzito: mguu wa mwokota kuni hauko peke yake, hufuatwa na shoka la mwingine, na udongo ule mweusi unaokamulika hautengenezwi na kitu kingine isipokuwa majani na matawi yaliyoachwa yaoze. Lakini sisi wenyewe tumewahi kuambiwa, zaidi ya mara moja, kwamba mashamba yetu ya mpunga ndani ya mikandaa si halali, na kwamba yatupasa kuiachia misitu kwa faida ya watu wengine, na tulipoambiwa tulikasirika sana. Tuliuliza ni watu gani hao. Sasa tulikuwa tumekaa katika benchi la mama huyu, tukinywa chai yake, na watu hao walikuwa ni sisi. Mwalimu mwenzetu alijaribu kulipa bei mara mbili. Mama akamrudishia chenji yake yote, ikahesabiwa sarafu kwa sarafu.

Tulirudi Mbuchi siku ya maji mafu, mtumbwi ukakwama mchangani, tukaushuka na kuusukuma. Bibi tulimkuta dunguni, jipya, akipepeta mpunga aliopewa na mwanawe wa upande wa kaskazini ya delta. Tulimwamkia, tukakaa, tukamweleza kila jambo kwa taratibu: ukuta, moshi wa maji, nyani mwenye jina, udongo katika vidole. Tulimwambia kwamba ziwa lipo, ila limelala chini ya majani, na hakuna mtu anayelifungua wala kulifunga. Hujifungua lenyewe kidogo kidogo, madhali msitu upo. Nahodha akaongeza kwamba amelinywa.

Bibi alifikiri. Habari ya ziwa lisiloonekana haikumtatiza. Alisema aliwahi kuhisi hivyo. Ya bahari kupanda milimani kwa kusi ilimchekesha. Tulipofika kwa mama wa Sanje aliuweka ungo chini, akatutaka turudie, na tulipomaliza kurudia akanyamaza, akatazama nje, kuelekea kwenye mikandaa yake iliyofyekwa, ambako magogo ya mchu yalikuwa yanaoza katika tope na kaa wakitembea juu yake.

"Na leo," akauliza, "yule mama anapikia nini?"

Tukamwambia kwamba hatukumuuliza.

"Mlikaa kwake, mkanywa chai yake, hamkumuuliza?"

Akauinua ungo, akaendelea kupepeta.